Zamu ya Mutua

Juzi niliona fundi akilowesha kidole kwa mate na kugusa injini ya pikipiki. Ikalia tsss. Nikaondoka na mtoto wangu mgongoni, kwa hasira ambayo fundi wa watu hangeielewa.

Baba alikuwa fundi kwenye ranchi huko Konza. Alasiri moja nilipokuwa mdogo, alikuwa ametoka kuweka pistoni mpya kwenye pikipiki ya magurudumu manne, na ndiyo tuliyopanda kumpeleka ndugu yangu mchanga, Mutua, zahanati. Joto lake nililihisi kupitia leso ya Mama. Kila tukienda kidogo Baba alisimama, akagusa injini kwa mate, na ikilia tulikaa kwenye nyasi mpaka ipoe. Kote kulinuka oili iliyoungua.

"Baba Mwende, mtoto anachemka!"

"Na hii pia inachemka. Pistoni mpya ikishika kwa joto, injini izime, utambeba kwa miguu?"

"Afadhali miguu!"

"Kaa chini, mama."

Mama akakaa. Mimi nilidhani tuko na wagonjwa wawili na Baba ndiye daktari. Ameanza na injini, basi nikangoja kwa utulivu zamu ya Mutua, Baba aguse paji lake la uso. Haikufika.

Labda kuhusu pistoni alisema kweli, maana tulifika. Lakini Mama angeweza kuanza kutembea naye. Nami ningeweza kulia, angalau.

Homa ilishuka, masikio hayakurudi. Hadi leo nikimwita Mutua akiwa amenipa mgongo, hageuki.