Doa la Mtama Kinywani mwa Fundi

Nyamburi wa Mwisenge hakuwa daktari, ingawa vijijini waliendelea kumwita hivyo na yeye hakujisumbua kumsahihisha mtu. Alikuwa msaidizi wa meno, mwenye baiskeli, kioo kidogo chenye mpini na chupa ya floraidi. Mwaka ule wa 1975 alitumwa kijiji kipya cha ujamaa karibu na Mugango, awapake watoto wenye doa jeupe kwenye jino. Doa lile ndilo mwanzo wa kuoza. Likiwahiwa kwa dawa, jino hujirudi likawa gumu.

Rula aliyopewa ya kupimia madoa haikuingia kinywani mwa mtoto yeyote, basi akabandika punje kwenye kadi, kuanzia ndogo hadi kubwa: ulezi, uwele, mtama. Akichungulia jino na kusema "uwele," mwalimu Apolinary anaandika uwele. Mkubwa wake mjini alicheka sana, kisha akampa sharti. Mwisho wa mwaka amwonyeshe madoa yaliyopungua, la sivyo chupa inahamia wilaya nyingine.

Shida ilikuwa Mzee Masatu. Huyu aling'oa meno kwa koleo, ujira kuku mmoja, na alishikilia kwamba doa jeupe ni kinyesi cha mdudu; ukichelewa, mdudu anahamia jino la jirani. Nyamburi aliporudi baada ya miezi mitatu, kati ya watoto wake arobaini, saba walimchekea kwa mapengo. Utapimaje pengo? Alikasirika sana. Lakini hakugomba. Kumgombeza mzee mbele ya kijiji chake ni kujitafutia balaa, ila kumsifu hakuna aliyekukataza.

Kwenye mkutano wa kijiji akasimama, sauti yote asali. "Watoto hawa hawajui kinywa safi kinavyokuwa. Namwomba fundi wetu awaonyeshe."

Masatu akajitokeza kifua mbele, akapanua kinywa. Nyamburi akachungulia huku, akachungulia kule, akaguna.

"Mwalimu, andika. Chonge la juu, kushoto. Mtama!"

Watoto wakaangua kicheko. Masatu akafumba kinywa haraka.

"Pole, baba," alisema Nyamburi. "Mtu akakuletee koleo lako. Mkono wangu si mwepesi kama wako, lakini nitavuta mpaka litoke."

"Hili halinisumbuagi!"

"Hata ya watoto hayakuwa yakiwasumbua."

"Ya watoto ni ya watoto, binti. Hili nalitafuniaga nyama."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kina mama walishika mbavu kwa kucheka. Mwisho mzee akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama ile dawa ya chupa inauma. Nyamburi akachovya pamba, akampaka, akamwamuru ateme na asile kitu kwa nusu saa. Sharti la pili lilikuwa kwamba asing'oe doa jeupe la mtu yeyote mpaka lake lipimwe tena. Masatu akaapa. Kuku wa kijiji kizima wakapata mapumziko.

Desemba, kati ya watoto thelathini na watatu waliobaki, ishirini na mmoja walikuwa wameshuka, wa mtama kufika uwele, wa uwele kufika ulezi. Nyamburi alicheza pale pale mbele ya darasa, bila aibu. Chonge la Masatu lilibaki mtama, lakini limekuwa gumu, linang'aa. Akaandika: kuoza kumesimama.

Mzee hakuondoka. Alikuwa amemshika mkono mjukuu wake, Wankyo, wa miaka saba. Nyamburi akatazama meno ya mbele ya mtoto. Ulezi.

"Mama yake nilimng'oa manne," alisema Masatu. "Alikuwa mkubwa kidogo kuliko huyu. Madoa yenyewe hivi hivi. Alilia, nikamwambia namponya." Akamsogeza mtoto karibu. "Binti, yale yangepona?"

Nyamburi, ambaye mwaka mzima hakukosa neno la kumchokoza, alishusha kioo.

"Yangepona, baba."

 Mzee akakishika kichwa cha mjukuu wake kwa mikono miwili, taratibu, kisisogee wakati anapakwa.