Kumi na Tatu, Wima

Odiel Verstaevel alifanya kazi miaka thelathini na minane kwenye tanuri la matofali, na kwa muda mrefu zaidi ya huo amekuwa karani wa mbio za baiskeli za Hazekapelle, zile za Jumatatu ya sikukuu ya kijiji, mwezi wa Agosti. Huketi nyuma ya meza katika baa inayotazamana na kanisa, akapokea leseni za waendeshaji, akawapa namba za mgongoni na pini nne nne. Wengi wao ni waendeshaji wa kulipwa wa daraja la chini, watu wanaokula kwa miguu yao. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Ya kuhesabu alijipa mwenyewe.

Ana makasha tisa ya viatu yaliyojaa kadi. Nilipanga chumba juu ya baa hiyo kwa miaka minne, nikazisoma nyingi. Wenye masharubu wameshinda mara tatu tu, na mara zote tatu mvua ilikuwa inanyesha. Wana wa wachinja nyama huanguka mara chache kuliko wana wa waoka mikate. Hakuna aliyezaliwa Februari aliyewahi kumaliza wa pili. Kona ya kanisa imeangusha watu mia mbili na kumi na mmoja; kona ya shule, tisini na wanne. Barabara iliyonyooka mbele ya kiwanda cha maziwa imemwangusha mmoja.

Huyo mmoja alikuwa Wannes, mume wa binti yake.

Huku Flandria, anayepewa namba kumi na tatu huibandika kichwa chini, ili mkosi umwagike. Hakuna anayejadili. Mwaka ule namba hiyo ilimwangukia Wannes, naye akaigeuza kama wote. Odiel akacheka mbele ya baa nzima.

"Wewe nawe! Nimehesabu miaka ishirini na sita. Kumi na tatu imeanguka mara saba. Kumi na nne, mara kumi na moja. Ivae wima, mwanangu, usinitie aibu."

"Haya, Mzee," alisema Wannes, masikio yamemwiva. Akafungua pini.

Katika mzunguko wa tisa, mbele ya kiwanda cha maziwa, gurudumu lake la mbele liligusa la nyuma la mwenzake. Alikufa kabla gari la wagonjwa halijapata njia kati ya watu.

Siku ya matanga, Lutgart, mjane wa Wannes, alimletea Odiel babake kahawa na kumuuliza jambo moja tu. "Wale wote uliowahesabu, Baba, waliivaa kichwa chini. Sasa ulikuwa unahesabu nini?"

Odiel alirudi kwenye kadi zake. Katika makasha yote tisa, aliyewahi kuivaa wima ni mmoja, na aliyeanguka ni mmoja. Mmoja kwa mmoja. Aliandika hesabu hiyo kwenye kadi ya pekee, na kwa miaka tisa akaibeba katika mfuko wa shati. Angepata mtu wa pili, mmoja tu, wa kuivaa wima na kufika salama, ingekuwa nusu. Na nusu ni bahati tu, haina wa kulaumiwa. Basi kila Agosti aliitoa namba ile mwenyewe, akimtazama mpokeaji. Kila Agosti iligeuzwa.

"Odiel, ukifa tukuzike kwenye kasha la ngapi?" Kamiel, muuza chipsi, humtania hivyo.

"La kumi. Na wewe utie mayonezi."

Mwaka huu akaja Mjapani, Kuwabara Shuntaro, miaka ishirini na miwili, wiki ya pili tangu afike Ulaya. Aliinama, akapokea kumi na tatu kwa mikono miwili, akaenda kuibandika mgongoni mwake mbele ya kioo cha choo. Alipotoka, ilikuwa wima, imenyooka kama picha ya ukutani.

Waendeshaji wengine walimwona, wakatazama viatu vyao. Kila mmoja alidhani mwenzake atasema. Lutgart, aliyekuwa akifuta bilauri, aliacha kufuta.

"Mwambieni basi," Kamiel alinong'ona dirishani.

"Mwache," alisema Odiel. Penseli ilikuwa tayari mkononi.

Nilimfuata Odiel hadi kwenye mstari wa kuanzia. Jua lilikuwa kali, harufu ya mafuta ya misuli imetanda. Waendeshaji themanini na sita walikuwa mguu mmoja chini, mmoja kwenye pedali. Mwenye bendera akainua mkono. Nikamwona Odiel akipita chini ya kamba, na magoti yake yale mabovu, akijisukuma kati ya baiskeli.

"Hee, Mzee, umerukwa na akili? Toka!" mmoja wao alifoka.

Alimfikia Mjapani, akamshika bega. "Tulia, mwanangu." Pini ya tatu ilimchoma kijana, naye akasema "samahani" kwa Kiflemi, lugha ya huku, kama kosa ni lake. Bendera ilisubiri. Odiel aliigeuza namba kichwa chini, akaibandika ikiwa imepinda kidogo, akarudi chini ya kamba bila kumtazama mtu.

Kuwabara alimaliza wa thelathini na moja, bila hata mkwaruzo.

Baada ya wote kurudisha namba, Odiel alikaa palepale mezani na kadi zake. Aliandika: 13, kichwa chini, wa 31. Kisha akatoa ile kadi ya mfukoni, iliyolainika kama kitambaa. Hakuna cha kuongeza. Mmoja kwa mmoja.

Lutgart alisimama nyuma yake na sinia. Aliisoma kadi ile kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo unaamini," alisema.

"Siamini. Niliogopa tu."

Lutgart aliweka bia mbele yake, akaokota pini zilizomwagika mezani, moja moja.

"Wannes naye aliogopa tu, Baba," alisema. "Ukamcheka."