Kisigino cha Katarina

Tangu ujana wake Katarina alisimamisha baiskeli kwa mguu: unarudisha pedali nyuma, inatulia. Ndivyo ilivyokuwa baiskeli yake kuukuu, na ndivyo alivyompeleka mumewe Polycarp kanisani kila Jumapili, amekaa kwenye keria, maana goti la mzee lilikwisha kugoma. Watu wa Ifakara walicheka mwanzoni, kisha wakazoea.

Mwaka tisini na tano baiskeli ile ikakatika fremu. Binti yao, Merina, akawanunulia nyingine, yenye breki za mkononi. Merina mwenyewe aliizoea kwa asubuhi moja tu. Katarina, aliyevuka sitini, akarudisha pedali nyuma kwa mazoea, akaenda kumtia mumewe mtaroni, mbele ya waumini.

"Mama Merina, mimi sipandi tena," Polycarp alisema, akikamua shati. "Misa nitaisikiliza redioni."

Maneno hayo yalimuuma Katarina kuliko kiwiko alichochubua. Lakini alishangaa pia. Kichwani alijua vizuri kwamba breki iko mkononi. Sasa mguu ulitoa wapi ubishi huo?

Akaanza kuupeleleza mguu wake kama mtu anayemvizia mwizi wa kuku. Akiendesha taratibu, akiuwaza mkono, mkono unatii. Akishtuka, mguu unawahi. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba yanakaa kisiginoni.

Basi akamwomba Merina amshtue. Wiki nzima, nyuma ya nyumba, Merina alirusha ndoo tupu, akafukuza bata, akaburuta fagio mbele ya gurudumu.

"Mama, mbona mimi sikuhangaika hivi?"

"Kisigino chako bado kitoto," Katarina alijibu. "Changu kimesoma sana. Rusha ndoo."

Jumapili Polycarp alibembelezwa mpaka akapanda, rozari mkononi, midomo ikienda. Karibu na majaruba ya mpunga mbuzi akakata njia. Mguu wa Katarina ukapiga teke nyuma, pedali ikazunguka bure. Lakini baiskeli ilikuwa imesimama. Vidole vyake vilikuwa vimebana breki, wala hakuvituma.

"Umepiga teke," Polycarp alisema nyuma yake.

"Nimepiga."

Mzee aliutazama mtaro. Kisha akatia rozari mfukoni, akamshika mkewe kiunoni kwa mikono yote miwili.

"Uache mguu upige," alisema. "Twende, Mama Merina, kengele imeshalia."