Fundi wa Cherehani na Mwoka Mikate

Wateja walimwita Fundi Sindano. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, kazi yake kuzunguka mji hadi mji akitengeneza cherehani za mafundi nguo, begi la bisibisi na mafuta begani. Upweke wa vyumba vya gesti ndio uliomwingiza kwenye mtandao wa kutafuta wachumba. Huko akakutana na mwoka mikate, mwanamume mpole wa maneno, mkazi wa mji ambako fundi angekwenda kikazi.

Binti yake, kitinda mimba, hakumkataza. Alimkalisha kitako kana kwamba yeye ndiye mzazi, akamtaka akutane na mtu huyo mchana kweupe, penye watu, aende na kurudi mwenyewe, na asimtajie gesti atakayofikia.

"Nitakupigia nikuulize kama umekula," akasema. "Ukijibu hujala, namwambia mama mwenye gesti aje akuchukue."

Siku ya safari, mwoka mikate aliomba kumpokea stendi amfikishe anapolala. Fundi akakataa kwa upole. Simu ikanyamaza mpaka kesho yake. Alikuwa ameshakata tamaa, akijiliwaza kwamba nusu shari kuliko shari kamili, ujumbe ulipoingia. Mwanamume aliandika kwamba alikuwa kwenye tanuri usiku kucha. Fundi achague mwenyewe mahali pa kukutana.

Walikutana mgahawani, mkabala na soko. Mikono ya mwanamume ilikuwa na makovu madogo ya moto. Haya zilimshika fundi hata chakula kikapoa mbele yake. Binti akapiga, akauliza.

"Nimekula, mwanangu. Nimeshiba."

Mwoka mikate akaitazama sahani. "Shibe gani hiyo, na kijiko hata hakijalowa?"

Ikabidi fundi amweleze yote, macho chini. Mwanamume hakununa. Alitoa kitambulisho chake, akakishika kando ya uso, akamwambia ampige picha amtumie binti.

Walipoondoka alimsindikiza hadi kona ya barabara tu.

"Mimi naishia hapa," akasema. "Nisijue unapolala mpaka mwenyewe utake nijue."

Fundi alirudi taratibu, moyo mweupe. Zilipita safari tatu ndipo alipomwonyesha gesti. Hawajaoana bado, wala hawana pupa. Mwoka mikate hulala na kuku ili aamke usiku wa manane kuwasha tanuri, lakini kwanza humpigia, wakaongea hadi binti akalalamika kwamba simu ya mama siku hizi haipatikani.