Kitabu Kisicho na Alifu

Mwalimu wa maktaba alinichagua kuwa katibu wa kamati kwa sababu siongei. Alisema hivyo hivyo, mbele ya Kidato cha Tatu kizima: "Nataka mtu wa kuandika, si wa kubishana." Nikaona aibu, nikakubali.

Kamati ilikuwa ya watu watatu: yeye, kiranja wa maktaba na mimi. Kazi yetu ilikuwa sanduku moja la vitabu kutoka ng'ambo, kwenye maktaba ya Wayahudi. Wenyewe walishakaa kikao chao wakaamua vipi vinawafaa. Visivyowafaa wakavigonga muhuri wa kuondolewa, wakatuletea. Sasa na sisi tukakaa kuchagua vinavyofaa katika visivyofaa.

Sheria ya mwalimu ilikuwa moja: kitabu kinabaki kama yupo mtu shuleni atakayekisoma. Kinene cha historia ya Wayahudi kikatoka kwanza.

"Jina hilo kwenye jalada litaleta maneno," kiranja alisema. "Kwetu ukimnyima mtu andazi tu, unaitwa Myahudi."

"Na hawa waliotugawia sanduku zima bure?"

"Hao wengine, mwalimu."

Cha historia kikaondolewa. Cha kufuga nyuki kikabaki, ingawa shuleni hakuna mzinga wala nyuki. Halafu chini kabisa kikatoka chembamba, kinafunguka kutoka kulia. Kiranja akaruka, akavuta ushungi vizuri, akakibusu, akakigusisha kwenye paji la uso.

"Astaghfirullah! Kimelaliwa na nyuki!"

"Ni Kiarabu?" mwalimu akauliza. Yeye ni Mkatoliki wa milimani Kilwa, na kwa mambo hayo anamwamini kiranja, aliyekwisha kuhitimu msahafu.

"Khati ya zamani, mwalimu."

"Na Wayahudi wamekiondoa?"

"Si ndiyo maana wamekiondoa!"

Nikaandika. Kitabu kikapanda rafu ya juu, kikafunikwa kitambaa. Asiye na udhu asikiguse.

Mimi nilishakifungua asubuhi, nikiorodhesha. Nimesoma madrasa Mtanda miaka sita, na humo kitabuni sikuona herufi hata moja ninayoijua, hata ile ya kwanza, alifu. Niliona picha, na chini ya kila herufi kubwa mtoto fulani ameifuatisha kwa penseli, akafuta, akarudia, mpaka karatasi ikatoboka. Hivyo hivyo nilivyotoboa juzuu yangu. Nilikitaka kitabu kile. Nikisema ukweli, kitafuata cha historia. Nikinyamaza, kitakaa juu kama mgeni wa heshima asiyesemeshwa na mtu. Nikanyamaza. Si ndiyo kazi niliyochaguliwa?

Kikao kilichofuata kiranja akaja na wazo jema. "Mwalimu, tukipeleke madrasa ya kwetu. Ustadhi atafurahi sana."

Nilimwona akilini ustadhi akikifungua mbele ya watoto. Nilikiona kitabu kikiondolewa mara ya pili.

"Hakina alifu," nikasema.

Wote wawili wakatazama dirishani, nadhani kutafuta nani kaongea. Kisha mwalimu akakishusha, bila udhu, akafunua.

"Mbona kuna punda?"

"Punda?"

"Punda. Amevaa kofia."

Kiranja akanigeukia. "We! Ulijua tangu lini?"

"Kabla hujakibusu."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Kumbe Kiebrania, tena cha watoto! Haya, sheria ni ile ile. Nani atakisoma?"

Kiranja akatazama dari. Mimi nikanyoosha mkono, halafu, kwa kuwa katibu ni mimi, nikaushusha ili niandike kwenye muhtasari: msomaji yupo, mmoja.

Tangu siku hiyo naitwa Myahudi wa Mtanda. Ananiita kiranja, kwa sauti, kwenye foleni ya uji, na mimi natamani ardhi ipasuke. Jana akaja mezani kwangu akijifanya anatafuta rula. Kitabu kilikuwa wazi.

"Haya, Myahudi. Hii ya kwanza inaitwaje?"

Jina la herufi limeandikwa chini yake, kwa herufi za Kizungu. Nilitamani nidanganye.

"Alefu."

Akanitazama. Akakitazama kitabu. Halafu akapaza sauti maktaba nzima isikie:

"Mwalimu! Kinayo!"