Hodi ya Tatu

Nimekuja mjini kwa siku mbili, na harufu ya maua ya vilua imenivuta hadi bustani ya makumbusho madogo yasiyo na wageni. Mlango uko wazi. Kutoka kizingitini naona kigae cha sahani ya buluu ndani ya kabati la kioo.

Bibi alinukia vilua siku aliyonipeleka kwa mashua, nikiwa mtoto, kwenye magofu ya Kua. Tulisharudi ufukweni, maji yanakupwa, alipokiona kigae mkononi mwangu.

"Umekitoa wapi?"

"Kwenye ile nyumba, Bibi. Hamna mtu."

"Sahani ya watu hiyo. Turudi."

Nahodha alipiga kelele kwamba mashua itakwama. Bibi hata hakugeuka. Mbele ya ukuta uliobomoka wa ile nyumba akapiga hodi mara tatu, kila mara akisubiri. Kimya. Hodi ya tatu isipoitikiwa, huingii. Basi nikakiacha kigae kizingitini. Mashua ilikwama kweli, na nahodha alinuna mpaka maji yalipojaa.

"Hodi," nasema sasa, nikiona haya kidogo. Kimya. "Hodi."

Napiga ya tatu. Nyuma ya mkilua anachomoza mama mmoja, ndoo ya kumwagilia mkononi.

"Karibu, mwanangu! Karibu ndani."