Si Vita Vilivyomuua Bahati

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na hasira yake haijapoa hata leo. Nimewaona wewe na wenzako nyuma ya nyumba, mmetoa taa na vioo vya pikipiki, mmepaka namba kwa chokaa, mnajiandaa kwa mashindano ya mwendo. Sikuja kuwakataza. Mimi mwenyewe nimewahi kuandaa pikipiki ya mashindano, tena si hizi zenu za kubebea makaa. Weka spana chini unisikilize.

Ilikuwa Karuba, kijijini kwetu, miaka ile ya vita. Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwa Papa Bauma, fundi wa pikipiki. Kaka yangu Bahati alikuwa dereva: alibeba watu na maharagwe hadi Nyabiondo kwa pikipiki ya Papa Kasereka, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekuwa na duka pale sokoni. Baba alikwisha kufa, na nyumba nzima ilikula kwa jasho la Bahati. Bunduki zikinyamaza kidogo, vijana walishindana Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa zamani wa ndege ndogo katikati ya malisho. Mshindi alipewa mbuzi. Mbuzi, mwanangu, kumbuka hilo!

Papa Kasereka hakutosheka na pikipiki za mizigo. Akaleta kutoka Uganda pikipiki ya mashindano yenyewe, injini ya silinda mbili, sauti inayotingisha mabati. Nisikudanganye, niliipenda. Papa Bauma na mimi tuliishughulikia kwa moyo wote. Tulimwaga oili ya zamani, tukakaza kila bolti na kuifunga kwa waya isilegee kwa mtikisiko, tukanyoosha mnyororo, tukatoa taa na vioo visije vikavunjika na kukata watu. Tulipofika kwenye breki ya mbele tukakuta plaketi zimekwisha, yaani vile vibao vinavyobana diski. Chuma kilikuwa kinasaga chuma. Mpya zilikuwa Goma, na barabara ya Goma ilikuwa imefungwa na mapigano.

"Tungoje barabara ifunguke," Papa Bauma akamwambia mwenye pikipiki.

"Batu bote banajua tunacheza siku ya Mungu hii," Papa Kasereka akajibu. "Toa hiyo freni ya mbele. Ya nyuma iko. Pikipiki itakuwa hata nyepesi."

Sasa, pale gereji tulikuwa na desturi yetu. Pikipiki ikishatengenezwa, aliyeitengeneza hupanda nyuma ya dereva, wakashuka pamoja mteremko wa Karuba mpaka darajani na kurudi. Fundi akiogopa kupanda, pikipiki haitoki. Mimi nilishashuka hivyo mara nyingi, nimemshika Bahati kiunoni huku nikiwaita watakatifu wote ninaowajua.

Papa Bauma akafuta mikono yake. "Mimi sipande. Na huyu kijana wangu hapande. Ni wewe umesema freni itoke, basi panda wewe, Papa. Bahati atakushusha polepole."

Papa Kasereka akautazama mteremko, akakitazama kiti. "Mimi niko na batoto," akasema.

"Na Bahati, yeye iko mutoto ya nani? Mama yake iko pale anatwanga majani ya sombe."

Papa Kasereka akatugeuzia mgongo. Aliogopa kushuka mteremko ule polepole, mwanangu, lakini hakuogopa kumtuma kaka yangu uwanjani kwa nguvu zote za injini ile! Aliisukuma pikipiki yake hadi kwa fundi mwingine, na breki ikatolewa palepale. Kisha akamgeukia Bahati: "Kama unakataa, rudisha ufunguo ya ile pikipiki ya kazi." Nilimsihi Bahati aurudishe. Aliniuliza tu, "Na mama atakula nini, mudogo wangu?"

Jumapili alishinda. Pikipiki nyingine aliziacha mbali, watu wakashangilia, na waliendelea kushangilia hata alipofika mwisho wa uwanja mwendo haujapungua. Breki ya nyuma peke yake iliburuta gurudumu juu ya changarawe. Mbele palikuwa na ukuta wa mawe wa boma la ng'ombe. Nilikimbia nikiita jina lake, nikamkuta chini ya ukuta, amekwisha kukata roho.

Kwenye kilio Papa Kasereka alifika na magunia ya maharagwe, akasimama mbele ya waombolezaji amevaa suti. "Ni vita," akasema. "Barabara ingekuwa wazi, plaketi zingefika. Vita imekula mutoto wetu." Na watu wakaitikia, eee, ni vita. Hata katekista akatikisa kichwa kukubali! Nikasimama nimjibu. Kabla sijafungua mdomo, mama aliinuka kutoka mkekani.

"Papa Kasereka, vita iko na zambi zake mingi. Iliniulia bwana, iliniunguzia nyumba. Sijaisamehe. Lakini hii haiko yake. Hii ni ya kwako, ubebe."

Akamwonyesha njia, yeye na magunia yake. Yule mtu mkubwa alitoka ameinamisha kichwa, na hakuna aliyemsindikiza.

Tangu hapo nimesikia vita vikisingiziwa kila kitu: daraja la mbao mbovu, dawa iliyouzwa imeshaharibika, mtoto aliyeachishwa shule ili akachimbe mawe. Inanikera mpaka leo. Vita vina maiti wake wa kutosha, tusivipe na wetu. Basi shindaneni, lakini kipuri kikikosekana, ngojeni kipatikane, hata uwanja mzima uwapigie kelele. Mtu akikutuma mahali pa hatari, muulize kama yeye angekwenda, na asipojibu, mrudishie ufunguo wake, njaa tutaigawana. Na siku utakapokosea, maana utakosea tu, sema "ni mimi" kabla hujatafuta pa kulitupia kosa lako.

Mungu ailinde mikono yako na miguu yako, mwanangu. Akujalie umzike mama yako akiwa bibi kizee wa kujikongoja, wala asikuzike yeye.